Jentiana: mmea unaojulikana kwa vitu usivyonavyo

Mzazi yeyote aliyelea mtoto Dar es Salaam anaijua GV. Kichupa kidogo, kipande cha pamba, mtoto ameachama kwa kilio, na ndani ya mdomo utando mweupe wa fangasi. Ukishampaka, kwa siku mbili hivi mtoto anacheka zambarau, na shuka, mto na kanga ya mama vyote vimepata madoa yasiyotoka hata ukiyafikicha kwa sabuni ya kipande. GV ni kifupi cha jina la Kiingereza, gentian violet, na hiyo gentian ndiyo jentiana. Niliwahi kuulizwa darasani, na swali lilikuwa zuri: “Mwalimu, huo mmea unaotoa GV unaota wapi?”

Hauoti popote. GV ni rangi ya kiwandani, imepikwa kwa kemikali mwanzo hadi mwisho, na ndani yake hamna jentiana hata tone. Wajerumani wa karne ya 19, waliokuwa wakitoa rangi mpya karibu kila mwaka, waliibandika jina la ua walilolijua kutoka milimani kwa sababu tu zilifanana kwa macho. Mwaka 1884 daktari wa Denmark, Hans Christian Gram, akaitumia kuwapaka bakteria ili waonekane vizuri kwenye hadubini, na mpaka leo fundi wa maabara anayepima usaha anafuata njia iliyotokana na yake.

Naanza na kichupa hicho kwa sababu hadithi ya familia nzima ya jentiana ndiyo hiyo. Jina linatangulia mbele, mmea wenyewe umebaki nyuma, na anayelifuata jina anajikuta duka la dawa, au porini akiwa ameshika kitu kingine kabisa.

Jina lenyewe ni la mfalme. Gentius alitawala Iliria, ng’ambo ya bahari kutoka Italia, na Warumi wakamshinda mwaka 168 KK. Wazee wa Kirumi waliandika kwamba ndiye aliyegundua faida ya mzizi mchungu wa mmea wa milima ya kwao, na mmea ukachukua jina lake. Baadaye wanasayansi wakaliweka jina hilo kwenye jenasi (kundi la spishi za ukoo wa karibu), Gentiana, kisha kwenye familia nzima, Gentianaceae, yenye spishi zipatazo 1,700 duniani. Ukitafuta picha za jentiana kwenye intaneti utaoneshwa ua la buluu iliyokolea, limekaa kama kikombe kwenye majani mafupi ya milima ya Ulaya. Hilo lisahau. Jenasi ya Gentiana haioti kiasili katika Afrika yetu ya kusini mwa Sahara. Jamaa zake tunao, lakini ni watu wa aina nyingine: Swertia kwenye nyika baridi za juu Kilimanjaro, Sebaea za maua ya manjano kwenye nyasi za nyanda za juu, Chironia za waridi penye majimaji, na pwani na nyanda kavu, vijimea vya kimo cha kiko cha mkono ambavyo mbuzi huvipita bila kuvitazama.

Na hivyo vijimea vya chini ndivyo vinavyoleta utata.

Mei iliyopita, masika yakielekea ukingoni, jirani yangu huku Bunju alibisha hodi asubuhi akiwa na mfuko umejaa majani. Ni mama mtu mzima, mimi ndiye humwamkia.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwalimu. Hebu niangalizie. Si chirayata hii?”

Chirayata, dawa chungu ya familia hii hii ya jentiana, aliifahamu kupitia duka moja la mjini, alikokuwa akinunua pakiti ya vijiti vilivyokatwakatwa. Huvichemsha, anakunywa kikombe kimoja kabla ya chai, anakunja uso, na anasema mwili unakuwa mwepesi. Pakiti ilikuwa imeisha na bei imepanda. Mtu mmoja akamwambia kuna ndugu yake mdogo anayeota hapa hapa pwani: majani membamba mawili mawili, maua meupe madogo yaliyojikusanya kwapani mwa majani. Mama akatoka getini, akatazama kiwanja kisichojengwa ng’ambo ya barabara, akakikuta kimejaa mmea wa namna hiyo hiyo. Alikuwa ameshachuma mfuko mzima. Nilishukuru hakuwa amewasha jiko.

Huyo mtu hakusema uongo. Upo mmea uitwao Enicostema axillare, wa familia ya jentiana kweli, unaoota Afrika Mashariki na unaoota pia India, ambako watu huuita chirayata ndogo. Neno la pili la jina lake linatokana na neno la Kilatini la kwapa. Majani yake ni membamba, hayana vikonyo, yanakaa jozi jozi; maua ni meupe, madogo, yamebanana kwapani kuanzia karibu na chini ya shina hadi juu. Maelezo aliyopewa mama yalikuwa sahihi neno kwa neno. Tatizo ni kwamba maelezo hayo hayo, neno kwa neno, yanafaa pia kwa magugu ya jenasi ya Spermacoce, ambayo ni ya familia ya kahawa na yamejaa kila kona ya jiji hili, kuanzia viwanja vya mpira hadi nyufa za lami. Hatua mbili tu ukiwa mbali, huwezi kuyatofautisha. Ukiwa juu ya bodaboda ndiyo kabisa.

Nikachukua tawi moja, tukakaa barazani. Lenzi yangu niliinunua kwa fundi saa, ile wanayobana jichoni, na mpaka sasa sijapata nzuri kuliko hiyo.

Tulianza pale majani mawili yanapokutana na shina. Mimea mingi sana ina majani ya jozi, kwa hiyo jozi peke yake haisemi lolote. Jambo la kutazama ni nafasi iliyobaki kati ya jani na jani, ubavuni mwa shina. Kwenye familia ya kahawa pale pana kitu: kijijani kidogo cha pembetatu, au kikuta chembamba, au kifuko chenye nywele ngumu zinazosimama kama meno ya kitana. Wataalamu hukiita stipula. Usipokuwa na mti wa kahawa, nenda kwenye uzio wowote wa iksora, yale maua mekundu yanayopandwa mbele ya nyumba na ofisi, uinamishe tawi: utakiona kijipembetatu chenye ncha kimekaa kati ya majani, kila jozi na chake. Tawi la mama lilikuwa na kifuko chenye nywele sita au saba, zimetoka wazi kabisa. Akachukua lenzi, akabana jicho, akasema, “Kumbe kana ndevu.”

Jentiana haina ndevu hizo. Penye stipula yeye ana utupu. Hapa lazima niseme kwa uangalifu, kwa sababu ndipo wanafunzi wangu wengi walipoanguka: kwenye jentiana nyingi, vitako vya majani mawili vimefikiana vikaungana, na ule muungano huacha mstari mwembamba unaozunguka shina, kama alama ya pete kwenye kidole. Mstari huo si stipula. Ni mshono tu. Pitisha ukucha juu yake: hakuna kinachonyanyuka, hakuna ncha, hakuna nywele.

Baada ya hapo nikamwambia mama aniletee pera na nyanya kutoka jikoni kwake. Akadhani natania. Alipovileta nikamwonesha: nyanya ina ile nyota ya kijani upande wa kikonyo, pale inapong’olewa kwenye mti. Pera lina ile nyota kavu upande wa pili kabisa, mbali na kikonyo, kama taji lililovaliwa kichwani. Nyota zote mbili ni masalio ya kitu kimoja, sepali, yale majani ya kijani yaliyolifunika ua lilipokuwa changa. Kwenye nyanya, tunda lilikua juu ya sepali. Kwenye pera, tunda lilikua chini yake, likazibeba. Tofauti hiyo imekaa ndani ya ua tangu siku ya kwanza na haibadiliki kwa mvua wala kwa udongo.

Familia ya kahawa ni watu wa pera. Tunda la kahawa lenyewe lina kiduara kidogo upande wa mbali na kikonyo, mahali sepali zilipokuwa. Jentiana ni watu wa nyanya, sepali zao zinabaki chini zikikishika kitako cha tunda kama kikombe cha kahawa ndani ya kisosi. Tukapasua kijitunda kimoja cha mmea wa mama, kidogo kuliko punje ya mchele. Juu yake kulikuwa na meno madogo ya kijani yamesimama. Taji liko kichwani. Pera.

“Basi hiki si chenyewe,” akasema mama, na nikaona anauangalia mfuko wake kwa huzuni kidogo.

Kwa uhakika zaidi tukahesabu. Ua la Spermacoce lina ncha nne, la Enicostema tano. Lakini kuhesabu nilikuacha mwisho makusudi. Katika familia ya jentiana zipo zenye petali, yale majani ya rangi ya ua, nne, zipo zenye tano, na wapo wenye zaidi ya kumi. Anayeanza kwa kuhesabu anaweza kumfukuza ndugu halali mlangoni.

Utaona kwamba mpaka hapa nimeeleza zaidi kilichokosekana kuliko kilichopo, na sijui njia nyingine ya kuieleza familia hii kwa ukweli. Vitabu vya shule vimetuzoesha kutafuta alama: mkunde una ganda, mnanaa una harufu, mkaktasi una miiba. Jentiana hana alama ya kujitangaza. Hana stipula. Ukingo wa jani lake hauna meno, ni laini mzunguko mzima. Mara nyingi hana nywele, jani na shina ni tupu, laini kama limefutwa. Ukimvunja hatoi utomvu mweupe. Ukimfikicha hanukii kitu zaidi ya majani mabichi. Kila moja ya sifa hizi inapatikana kwa mamia ya mimea mingine. Zikikutana zote kwenye mmea wenye majani ya jozi, na petali zilizoungana chini zikawa mrija au bakuli, na tunda lililokaa juu ya sepali zake, ndipo unapoanza kulitaja jina kwa sauti ndogo.

Utomvu ndio unaomtenga na jirani wa pili. Familia ya mlaribia, ile miti ya maua yenye harufu iliyo makaburini na kwenye bustani za hoteli, iko karibu sana na jentiana kiukoo. Pamoja na kahawa wote wako kwenye oda moja, yaani kundi moja la familia, Gentianales. Wengi wao ukiwavunja wanatoka maziwa. Wana pia yale matunda ya mapacha, mikebe miwili iliyounganika kwenye kikonyo kimoja, ilhali jentiana wa majani hutoa kapsuli moja kavu inayopasuka na kumwaga mbegu nyingi ndogo kama vumbi la ugoro. Katharanti, kile kichaka cha maua ya waridi au meupe kinachojiotea kando ya kuta za Dar es Salaam nzima, ni wa familia hiyo ya maziwa ingawa kwake utomvu si mwingi. Nimemwona mtu mwenye shahada akimwita jentiana. Sikumcheka, kwa sababu alikuwa ameona kitu cha kweli: chipukizi la ua.

Chukua ua la katharanti au la mlaribia ambalo halijafunguka. Petali zimesokotwa, kila moja imepanda bega la jirani na imepandwa na mwingine, zote kwa mwelekeo mmoja, kama mwavuli uliofungwa kwa kuzungushwa. Jentiana nao wanasokota hivyo hivyo, na msokoto huo ndio sifa mojawapo chache ambazo wanazo badala ya kuzikosa. Lakini kama unavyoona, hawako peke yao. Hata ua la mhibiskasi linasokotwa. Ndiyo maana msokoto unakusaidia kuthibitisha, haukusaidii kuanza.

Kitu cha mwisho cha kutazama ndani ya ua ni stameni, vile vijiti vya chavua. Kwa jentiana idadi yake ni sawa na ncha za ua, na kila kimoja kimesimama mbele ya pengo kati ya petali mbili, si mbele ya petali yenyewe. Kuna vijimea vya jenasi ya Anagallis vinavyotambaa penye unyevu, majani jozi, bila stipula, tunda juu ya sepali, vyote sawa sawa. Stameni zao zinasimama uso kwa uso na petali. Hilo peke yake linawatoa nje. Na ukiipata Exacum, jenasi ya jentiana ambayo nyumbani kwake hasa ni Madagaska lakini na bara ipo, tazama vichwa vya stameni: vinatoa chavua kupitia vitundu vilivyo nchani, kama chupa ya chumvi. Nyuki anayejua kazi yake hulikumbatia ua na kulitikisa kwa mvumo wa misuli ya mabawa mpaka chavua imwagike. Ukilikuta ua la namna hiyo asubuhi tulivu, unausikia ule mvumo ukibadilika ghafla, kutoka wa kuruka kwenda wa kutikisa. Nyanya zako bustanini zinahudumiwa kwa njia hiyo hiyo na nyuki wa aina hiyo.

Sasa turudi kwenye uchungu, kwa sababu mama hakuwa amemaliza.

“Lakini mwalimu, nimetafuna jani moja. Chungu.”

Hapa ndipo mahali ninapopoteza subira, si kwa mama, bali kwa kila anayefundisha kwamba jentiana hutambuliwa kwa ulimi. Ni kweli familia hii ni chungu. Mzizi wa jentiana ya manjano ya Ulaya, Gentiana lutea, una kitu kiitwacho amarojentini, ambacho uchungu wake unasikika hata kikizimuliwa kwa mara milioni 58. Enicostema na Swertia zina swetiamarini. Vinywaji vichungu vya Ulaya vinavyonywewa kabla ya chakula vimeegemea mizizi hiyo kwa karne nyingi. Lakini mwarobaini ni mchungu. Shubiri ni chungu mpaka imekuwa msemo. Kwinini ni chungu, na inatoka kwenye familia ya kahawa. Ulimi wa binadamu umeumbwa kuonya, haukuumbwa kutaja majina, na mimea mingi yenye sumu humwonya mwenye ulimi kwa ladha hiyo hiyo.

Wenzetu wa Ulaya wamelipa kwa kosa hili. Kwenye milima inakoota jentiana ya manjano huota pia veratrumu nyeupe, mmea wa sumu kali, na kabla ya kutoa maua mimea hiyo miwili hufanana kwa majani mapana yenye mistari. Watu wamechimba mzizi usio wenyewe, wakatengeneza kinywaji, wakaishia hospitali. Tofauti iliyo wazi iko kwenye shina: jentiana ana majani jozi kwa jozi, veratrumu ana jani moja moja linalopokezana. Mtoto wa darasa la tatu angeiona, kama kuna mtu angemwambia atazame.

Chirayata ya dukani nayo ina mkanganyiko wake, na huu umekaa kwenye biashara kwa muda mrefu. Chirayata yenyewe ni Swertia chirayita, jentiana wa miteremko ya Himalaya, ua lake lina petali nne na kila petali ina vijishimo viwili vya nekta vilivyofunikwa nywele. Huvunwa porini, haipatikani kwa urahisi, ni ghali. Kwa hiyo sokoni mara nyingi mahali pake huchukuliwa na Andrographis paniculata, mmea mchungu kupita kiasi ambao hupandwa kirahisi tambarare lakini si jentiana hata kidogo. Ua lake lina midomo miwili, wa juu na wa chini, na stameni mbili tu. Kuna majina ya Kihindi yanayotumika kwa mimea yote miwili. Ongeza ile Enicostema inayoitwa chirayata ndogo, na tayari una mimea mitatu chini ya paa moja la jina, miwili ni ndugu na mmoja ni mpangaji.

Mama alikuwa bado na pakiti yake tupu, imebaki vumbi na vijiti vitatu. Alitaka nimwambie alikuwa anakunywa nini miaka yote. Vijiti bila ua, bila tunda, bila kiungo cha jani, vimekatwa na mashine. Hapo ni maabara, si baraza. Kwenye lebo paliandikwa jina la Kihindi kwa herufi za Kizungu na tarehe ya kuisha. Jina la kisayansi halikuwepo, na kwa maoni yangu pakiti ya dawa ya mitishamba isiyo na jina la kisayansi ni sawa na barua isiyo na anwani.

Familia nayo haikutulia. Hadi miaka ya mwisho ya karne ya 20, kitabu kingekwambia jentiana ni majani na vichaka vidogo. Kisha wataalamu walipolinganisha vinasaba waligundua kwamba Anthocleista, miti ya misitu yenye majani makubwa ya kushangaza, ambayo kwa muda mrefu iliwekwa familia moja na mitonga, ni jentiana. Anthocleista grandiflora inaota kwenye misitu yetu yenye unyevu kama Usambara. Mti mchanga unaweza kuwa na jani refu kuliko mkono wa mtu mzima, yamekusanyika juu kama mwavuli, na maua meupe yenye ncha nyingi kuliko tulivyozoea. Ukiwa chini yake huwezi kuamini ni jamaa wa kijimea cha kiwanjani. Lakini majani ni jozi, ukingo laini, petali zimesokotwa kwenye chipukizi. Mtonga wenyewe, ule wa matonga magumu yanayopasuliwa kwa jiwe, umebaki kwao, ingawa jani lake lenye mishipa mitatu hadi mitano inayoanzia kitakoni linaweza kumdanganya mtu.

Upande wa pili kuna waliotolewa. Kwenye mabwawa utaona majani ya duara yanayoelea na maua madogo yenye nywele nywele kama manyoya. Watu huyaita yungiyungi kwa kuwa yanaelea. Ni Nymphoides. Yungiyungi la kweli lina petali nyingi zisizoungana. Hili lina petali chache zilizoungana. Wataalamu wa zamani waliliweka Gentianaceae. Siku hizi liko kwenye familia yake, na oda yake ni ile ya alizeti, mbali kabisa. Ukikuta orodha ya zamani ya mimea ya Tanzania ikiitaja kwenye jentiana, usidhani mwandishi alikosea. Alifuata ramani ya wakati wake.

Kuna anayeuliza: si nipige picha tu, programu itanijibu? Nazitumia, PlantNet na iNaturalist zote ziko kwenye simu yangu. Zinafanya vizuri kwa miti ya bustani na kwa mimea iliyopigwa picha maelfu ya mara. Kwa magugu meupe madogo ya pwani yetu, zinabahatisha kwa kujiamini. Sababu ni ya kawaida: tunapiga picha ya ua kutoka juu, kwa kuwa ndilo zuri, na ua kutoka juu ndilo lenye habari chache kuliko zote. Picha zinazofaa ni nne, na tatu kati yake hazivutii: kiungo cha majani kwa karibu, ua kutoka ubavuni ili ionekane sepali ziko wapi, tunda, na mmea mzima pamoja na udongo wake. Ua kutoka juu ni la mwisho, kama nafasi ipo kwenye simu.

Na kama mmea ni mwingi mahali hapo na unaruhusiwa kuchuma, tawi moja kwenye gazeti linashinda picha zote. Lilaze likiwa bado bichi, geuza jani moja ili mgongo uonekane, funika kwa magazeti mengine, kandamiza kwa matofali mawili, badilisha gazeti kila siku kwa wiki moja. Kwa unyevu wa Dar es Salaam usipobadilisha siku mbili tu, kuvu imeshaingia. Andika rangi ya ua siku hiyo hiyo, maana ikikauka inapotea, pamoja na tarehe, mahali, na kama palikuwa na majimaji au pakavu. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pale Mlimani, kina hebaria, makabati ya mimea mikavu iliyobandikwa kwenye karatasi. Ile kazi kubwa ya kuielezea mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, iliyoanza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika 2012 ikiwa na spishi zaidi ya 12,000, ilitegemea matawi makavu ya namna hiyo hiyo, mengine yamekusanywa na watu ambao hawakuwa wataalamu wa mimea.

Wakati mzuri wa kutafuta ni mvua zinapopungua, mwisho wa masika au baada ya vuli, vijimea vikiwa na ua na tunda kwa pamoja kwenye tawi moja. Kabla ya hapo una majani tu, na majani ya jozi yasiyo na stipula hayakufikishi mbali.

Mama aliumwaga mfuko wake kwenye shimo la mbolea. Nilimwachia lenzi kwa wiki mbili, nikadhani labda ataitumia kuvulia miiba ya wajukuu. Wiki iliyofuata alikwenda kumzika ndugu huko Kigamboni, na jioni ikaingia picha WhatsApp: tawi, majani membamba, maua meupe kwapani, kidole chake kimeshika shina. Kabla sijamaliza kuikuza, ukaja ujumbe wa pili.

“Ndevu hakana. Lakini taji liko kichwani. Nimekatupa.”

Nikairudia picha, nikaikuza mpaka ikawa madoa. Ndevu zilikuwepo, zimejificha chini ya kidole. Taji aliliona vizuri.